Mkono wa Tamsin

Sehemu ya Tisa

Mkono ulikuwa juu.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji, na najua wapo waliolikunja gazeti kwa hasira wakalitupa chini ya kiti. Haya, liokoteni. Tunaendelea.

Tamsin Penhallow, mshika usukani wa mashua ya kwanza ya wasichana wa Chuo cha Mtakatifu Oswin, alikuwa ameunyoosha mkono wake wa kulia hewani, katikati ya Kona ya Grassy, mbele ya watu mia tatu na mbwa wao. Na kwenye mbio za Mto Cam mkono wa mshika usukani ukipanda maana yake ni moja tu: mmetugusa, tumekwisha.

Shida ni kwamba walikuwa hawajaguswa.

Mashua ya Chuo cha Fenwick, iliyokuwa ikiwafukuza, ilikuwa bado nyuma. Haikuwa mbali, nakubali. Lakini kati ya pua ya Fenwick na usukani wa Oswin palikuwa na maji ya kumtosha bata mmoja kupita bila kukunja mbawa.

Na wapiga makasia wanane wa Oswin walimwona huyo bata asiyekuwepo vizuri kuliko mtu yeyote duniani. Mpiga makasia hukaa ameupa mgongo mwendo. Anakokwenda hakuoni, anachokiona ni yule anayemkimbiza. Anayetazama mbele ni mshika usukani peke yake. Kwa hiyo wasichana wanane waliyaona maji yale, halafu wakauona mkono.

Makasia yakasimama. Fenwick wakaja taratibu wakagusa, kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango ulio wazi.

"Tamsin," alisema Octavia Brindle. Octavia ndiye nahodha, na ndiye anayekaa kiti cha mwisho, uso kwa uso na mshika usukani, magoti yakikaribia kugusana. "Umefanya nini?"

"Sijui," alisema Tamsin.

Na hakuwa anadanganya.

Kule ukingoni Fenwick walikuwa wameshaanza sherehe. Walivunja matawi ya miti ile inayoinamia maji, wakajichomeka majani kichwani kama wafanyavyo washindi, mpaka mashua yao ikafanana na kitalu cha miche.

"Jamani, mimi huku mbele sioni vizuri," ilisikika sauti ya Pip Lovell kutoka kiti cha kwanza. "Tumeguswa na mashua au na upepo?"

Hakuna aliyecheka.

"Juzi tumeguswa," aliendelea Pip, ambaye akiogopa ndipo anapozidi kuongea. "Jana tumeguswa. Leo tumejigusa wenyewe. Hayo nayo ni maendeleo."

Kiti cha sita alikaa Beatrix Holm, msichana mwenye mabega ya mbeba mizigo wa bandarini. Uso ulikuwa umemwiva. Ghafla akajiinua kiti kikamwacha. "Nitamtoa mimi kwa mikono yangu!"

Mashua ikalala upande. Wasichana saba wakapiga kelele kwa sauti moja: "Kaa!"

Beatrix akakaa. Ile mashua ni ndefu kama nguzo ya simu na upana wake ni makalio ya mtu mmoja. Siku ya kwanza kabisa unapojiunga na klabu, kabla hujafundishwa hata kushika kasia, Mzee Wragg wa banda la mashua hukuambia: humu hasimami mtu, hata nyumba yenu ikiungua.

Tamsin alikuwa akiwatazama wote. Alikuwa anasubiri aibu ije.

Haikuja.

Kwa wale wanaolishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza: mbio ni za siku nne, kila mwezi wa Juni. Mashua hujipanga mstari mmoja mtoni, kila moja ikiwa nyuma ya mwenzake, na kati yao nafasi ya mashua moja na nusu. Mzinga ukilia, unamkimbiza wa mbele huku wa nyuma anakukimbiza wewe. Ukimgusa wa mbele, kesho mnabadilishana nafasi. Ukiguswa, umeshuka.

Ukiguswa siku zote nne, unapewa kijiko cha mbao.

Vyuo vingine kijiko hukitupa kabatini. Oswin hukitundika ukutani kwenye banda la mashua, na juu yake huandikwa jina moja tu. Hawaandikwi wale wanane. Huandikwa mshika usukani.

Oswin walikuwa wameshaguswa Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Ilibaki Jumamosi.

---

"Chai, wanangu," alisema Mzee Wragg.

Mzee huyu amekaa kwenye lile banda miaka thelathini na mmoja, na kwake hakuna msiba usiotibiwa kwa chai kali yenye maziwa. Wasichana walikaa kwenye mabenchi, vikombe mikononi, miguu ikiwa na matope. Saa kumi na mbili jioni, jua la Juni bado linawaka kama limesahau kwenda nyumbani. Ukutani, juu ya vichwa vyao, vijiko sita vilikuwa vimejipanga.

"Huyu wa mwisho, Dunstan," alisema mzee, akielekeza kwa kidole, "siku hizi ni askofu. Ana kanisa kubwa, ana gari. Akija hapa kutembea, watu wanamwuliza habari za kijiko."

"Asante, mzee," alisema Pip. "Umetutia moyo sana."

Beatrix aliweka kikombe chini. "Mimi nasema atoke. Sina chuki naye. Lakini atoke."

"Aingie nani?" aliuliza Octavia.

"Yule wa mashua ya pili."

"Yule wa mashua ya pili," alisema Pip, "jana aliipandisha mashua nzima malishoni. Ng'ombe walikuja kuwasalimia. Mmoja alimlamba."

"Angalau ng'ombe ni kitu kilichopo! Huyu ametupotezea mbio kwa sababu ya hewa!" Beatrix alimgeukia Tamsin. "Wewe mwenyewe unasemaje?"

"Mtakaloamua ni sawa tu," alisema Tamsin.

"Hicho ndicho kinachonikera! Lia basi! Tukana! Nipige!"

"Ungependa nikupige?" aliuliza Tamsin kwa adabu kabisa, kama mtu anayeuliza kama uongezewe sukari.

Chai ikamtoka Pip puani.

Lakini Tamsin hakuwa anatania. Angeambiwa piga angepiga, angeambiwa toka angetoka. Alikuwa amekufa ganzi, na ganzi hii ilikuwa imetimiza mwaka.

Juni ya mwaka jana, kwenye kona hiyohiyo, Tamsin alifanya kinyume. Waliguswa kweli, akajua wameguswa, na hakuinua mkono. Aliutaka ushindi. Alijiambia labda muamuzi hajaona, labda makasia matatu zaidi. Mashua ya nyuma, iliyoendelea kuja kwa nguvu zote, ikapanda juu. Ikamsaga vidole vya mkono wa kushoto, ikapita juu ya bega lake, ikamkuta Octavia kifuani. Pua ya mashua hufungwa kijipira cheupe ili isimtoboe mtu, na hicho kijipira ndicho kilichomwokoa. Haikumtoboa. Ilivunja mtulinga, mfupa ulio chini ya shingo, vipande viwili, ikamtupa majini.

Maumivu Tamsin hayakumbuki. Anachokumbuka ni macho ya Octavia. Octavia alikuwa akimtazama yeye, usawa wa uso, kisha macho yakapanda juu, polepole, kama ya mtu anayemwona ndege akitua darini.

Tangu siku hiyo kidole cha mwisho na cha pete havina habari. Ukivichoma sindano havijui. Halafu ganzi ikapanda. Mwezi wa nane ilifika moyoni. Krismasi alikwenda kwao Cornwall, bibi yake akampikia keki ya zafarani, ile ambayo zamani alikuwa anaigombania na mbwa. Akaila kama anakula sifongo, akasema asante bibi, akaenda kulala.

Octavia alisimama sasa, akaja akachuchumaa mbele ya benchi lake.

"Niambie kweli. Leo, kabla hujainua mkono, ulisikia nini?"

"Filimbi."

Wote walielewa. Kila mashua ina watu wake wa baiskeli ukingoni, na filimbi ndiyo lugha yao. Moja: mmebakiza urefu wa mashua. Mbili: nusu. Tatu: robo. Na ile isiyokatika, ndefu mpaka masikio yaume, maana yake mko juu yao. Watu wa Fenwick walikuwa wamepuliza ile isiyokatika.

"Na uliona nini?"

Tamsin alitazama shingo ya Octavia, pale fulana ilipoishia. Mtulinga ule uliunga vibaya. Una nundu, kama fundo la kamba chini ya ngozi, na Octavia akivuta kasia, nundu inapanda na kushuka. Makasia thelathini na sita kwa dakika, nusu mita kutoka usoni mwa Tamsin.

Octavia akavuta zipu ya koti mpaka kidevuni.

"Sawa," alisema. "Kesho hutasikia na hutaona. Utaziba masikio kwa pamba. Mimi nitavaa shati la kufunga shingo. Wewe tazama mbele, mtafute Fenwick. Nyuma niachie mimi, ndiko ninakotazama. Wakitugusa nitakwambia 'sasa'. Nisiposema sasa, mkono ukae chini. Unaniamini?"

"Ndiyo," alisema Tamsin. Hakuhisi chochote aliposema, lakini ndilo neno lililokuwepo.

Mzee Wragg alikuwa akipangusa mashua kwa kitambaa. Hakugeuka.

"Nahodha. Mwaka jana aliyekutoa majini ni mimi."

"Nakumbuka, mzee."

"Ukiguswa, utasema?"

"Nitasema."

"Haya." Aliendelea kupangusa mahali palepale palipokwisha takata. "Kijiko kinauma siku moja. Mfupa huo, baridi ikija, unakuuma mpaka leo, au uongo?"

Beatrix alilinyanyua begi lake akatoka, na mlangoni akasema bila kugeuka, "Kesho mkono ukipanda tena, Tamsin, mimi na wewe hatujuani."

---

Jumamosi, saa kumi na nusu alasiri.

Mzinga wa dakika nne kabla ya mbio ulilia, bata wote wa Cambridgeshire wakaruka. Tamsin hakuusikia. Aliuhisi kwenye meno, kwa mbali, kama mlango unaofungwa nyumba ya jirani. Pamba ya Mzee Wragg ilikuwa imejaa masikioni, na dunia nzima ilikuwa kimya kama iko chini ya blanketi.

Kimya kile kilimfaa. Kilifanana na yeye.

Mbele yake walikuwa Fenwick. Ndiyo, walewale, kwa sababu jana walibadilishana nafasi. Nyuma walikuwa Chuo cha Lanyon, waliogusa kila siku tangu Jumatano na wenye njaa ya kugusa mara ya nne. Oswin walikuwa katikati, kama nyama kwenye mkate.

Mshika usukani wa Fenwick aliitwa Clementine Rusk. Aligeuka, akamwona Tamsin, akatabasamu. Halafu akaunyanyua mkono wake wa kulia taratibu mpaka juu kabisa, akaupunga.

Mashua nzima ya Fenwick ikatikisika kwa kicheko.

"Amefanya nini?" aliuliza Beatrix, aliyekuwa amewapa mgongo.

"Ametusalimia," alisema Pip, aliyekuwa amegeuza shingo. "Amesema tumpelekee kasia letu tumchome nalo."

Octavia alikuwa amevaa shati jeupe la kaka yake, vifungo vyote vimefungwa mpaka kooni. Jasho lilikuwa limeshaanza. Alimtazama Tamsin usoni, akagusa midomo yake kwa kidole: tazama hapa.

Mzinga wa dakika moja. Mzee Wragg, akiwa ukingoni, akausukuma upondo wake mrefu, mashua ikatoka polepole katikati ya mto. Tamsin aliushika mnyororo wa ukingoni, ule unaoizuia mashua mpaka mzinga wa kuanza, kwa mkono wa kulia, ukavutika, ukakaza. Mzee alinyoosha vidole vitano. Vinne. Vitatu. Viwili.

Tamsin akauachia mnyororo mzinga ulipogonga kifua chake.

Lanyon walitoka kama wamechokozwa na nyuki. Hakuwaona, lakini aliona nyuso za wenzake zikibadilika, mmoja baada ya mwingine, kutoka kiti cha nane kwenda mbele. Macho makubwa. Taya zimekaza.

"Tulieni," alisema kwenye kipaza sauti kidogo kilichofungwa kichwani mwake. Sauti yake mwenyewe ilimfikia kupitia mifupa. "Refusheni. Fenwick wameanza kwa pupa. Watachoka."

Ilikuwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni. Ajabu ni kwamba ilifanya kazi. Wasichana wanane wenye hofu walipoisikia, mikono ikapata mpangilio.

Kule ukingoni Gideon Marsh, mpuliza filimbi wao, alikuwa akikanyaga baiskeli mkono mmoja. Tamsin hakuisikia filimbi, akahesabu mashavu. Yalivimba mara moja. Urefu mmoja.

Akautazama mdomo wa Octavia.

"Bado," ulisema mdomo.

Kona ya Grassy. Mahali pa mwaka jana, mahali pa jana. Clementine aliichukua kwa nje, kwa mbwembwe, na mashua yake ikatanga mpaka karibu na majani ya upande wa pili. Tamsin alivuta kamba ya kulia ya usukani upana wa kidole, akaiachia, akavuta tena. Kona haikuhitaji moyo. Ilihitaji kipimo tu, na kipimo anacho. Makasia ya kulia yalipita juu ya majani ya ukingo, mtu mmoja akarudi nyuma na sahani yake ya stroberi, na Oswin wakatoka kwenye kona wakiwa wamekula nusu ya maji yaliyokuwa mbele yao.

Mashavu ya Gideon: mara mbili.

"Nusu!" alisema Tamsin. "Tunawachukua."

"Tunawachukua!" alifoka Pip, na mashua ikaruka.

Mdomo wa Octavia: "Bado."

Lakini jasho lilikuwa limelilowesha shati. Na Octavia alikuwa akivuta kama hana kesho, mgongo wote, mabega yote. Kwenye mnyoosho wa kabla ya Kona ya Ditton, kifungo cha kwanza kikaruka. Kikampiga Tamsin shavuni, kikaanguka majini.

Kikafuata cha pili.

Shati likafunguka, na nundu ikawa hapo. Ikapanda. Ikashuka. Ikapanda.

Tamsin aliitazama, akayang'oa macho, akatazama mbele. Usukani wa Fenwick ulikuwa karibu kiasi cha kuweza kusoma jina la fundi aliyeutengeneza. Clementine alikuwa hatabasamu tena. Mashavu ya Gideon: mara tatu, halafu tatu tena, halafu akasahau kuhesabu akawa anapuliza tu, uso mwekundu kama nyanya.

"Robo," alisema Tamsin. "Makasia kumi. Nipeni kumi."

Moja. Mbili. Tatu.

Kona ya Ditton imejaa watu, kofia, miavuli, vinywa wazi visivyotoa sauti.

Nne. Tano.

Kamba ya kushoto ikashtuka.

Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu amekuvuta nguo kidogo kwa nyuma akitaka kukuuliza njia. Lakini kamba ile inatoka mkononi mwake kwenda moja kwa moja kwenye usukani, na usukani uko nyuma kabisa, na hakuna kitu cha kuushtua isipokuwa pua ya mashua nyingine.

Na iliposhtuka ilikuwa imezungushwa kwenye vidole vile viwili. Vile visivyo na habari.

Vilikuwa na habari.

Tamsin alitazama mdomo wa Octavia.

"Bado!" ulisema mdomo. "Bado! Bado!"

Na macho ya Octavia yakapanda juu.

Polepole. Kama ya mtu anayemwona ndege akitua darini.

Mkono wa Tamsin ulipanda kabla hajaamua. Wa kulia, umenyooka, vidole vyote wazi. "Simama!" alipiga kelele, na safari hii haikuwa sauti ya ratiba ya treni. Makasia yakagoma. Nyuma yake kitu kikakwaruza, kikapunguza mwendo, kikatulia. Mbele, mashua ya Oswin ikiwa bado ina mwendo wake, ikateleza, na kishindo cha pili kikapita kwenye mbao zote hadi mgongoni kwake.

Pu.

Mkono wa Clementine nao ukapanda.

Mashua tatu zikawa zimeshikana katikati ya mto kama mabehewa, na mikono miwili hewani.

Tamsin akageuza shingo. Kijipira cheupe cha Lanyon kilikuwa kimesimama juu ya maji, usawa wa bega lake. Angeweza kukibusu.

---

Muamuzi, Bwana Ormerod, alifika na baiskeli yake akihema, kofia imemkalia upande. Ni mwalimu mstaafu, na ana ile sauti ya kumtoa mtoto chini ya dawati.

"Kimya! Nimeona mikono miwili. Mwanzo wake sikuuona, kuna bwana alikuwa na mwavuli. Nani kaanza?"

"Sisi!" alisema mshika usukani wa Lanyon. "Tumewagusa Oswin, halafu wao wakateleza wakawagonga Fenwick!"

"Uongo!" alisema Octavia. Alikuwa bado anahema, shati wazi. "Tumewagusa Fenwick kwanza. Mbio zetu zilikuwa zimekwisha. Hao wamekuja baadaye!"

"Mimi huku mbele nimesikia pu," alisema Pip. "Moja. Safi."

"Huku kwetu hatukusikia pu yoyote kabla ya mkono wake," alisema Clementine kwa uchungu. "Lakini huyo mkono wake hupanda wenyewe, sote tunajua."

Watu ukingoni wakacheka. Beatrix akageuza uso pembeni.

Bwana Ormerod aliteremka kwenye baiskeli. Akaja mpaka kwenye ukingo wenyewe, viatu vikazama kwenye tope.

"Binti wa Oswin. Toa hicho kitu masikioni."

Tamsin alichomoa pamba. Ya kulia, kisha ya kushoto. Dunia ikamwingia yote kwa pamoja: maji, mbwa, vilio, mtu anauza aiskrimu, Pip anahema, moyo wake mwenyewe unadunda kama ngoma ya jirani asiye na adabu.

"Sheria inasema hivi," alisema Bwana Ormerod. "Kama mligusa mbele kwanza, mmepanda, na hakuna aliyewagusa. Kama mliguswa nyuma kwanza, mmeshuka. Ninyi ni siku ya nne kushuka, sivyo?"

"Ndiyo," alisema Tamsin.

"Basi unajua nakuuliza nini. Wewe ndiye mwenye kamba. Kishindo cha kwanza kilitoka wapi, mbele au nyuma? Nitachukua neno lako."

Hata mwuza aiskrimu alinyamaza.

Tamsin alimtazama Octavia. Kutoka pale alipokaa, hakuna mwingine aliyeweza kuuona mdomo ule. Ulijifungua, ukajifunga, bila sauti.

"Mbele."

Kisha macho, yale yaliyokuwa yamepanda juu, yakashuka yakamwomba. Ulikuwa mwaka wa mwisho wa Octavia. Alitoa mfupa wake kwa ajili ya mashua hii na hakuwahi kumlaumu mtu, hata mara moja, hata kwa utani. Tamsin angempa neno moja tu, wangebaki marafiki maisha yote, Beatrix angemjua tena, na ukutani pasingetundikwa kijiko cha saba.

Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vinaungua. Si kidogo. Vilikuwa vinauma kama vimetolewa kwenye barafu vikatiwa kwenye chai, na maumivu yalikuwa yanapanda kiwikoni, begani, yanakuja. Machozi yakamjaa Tamsin, akashangaa, akayaacha.

Aliitazama ile nundu. Ilikuwa inapanda na kushuka kwa pumzi. Nzima. Haijavunjika mara ya pili.

"Nyuma," alisema Tamsin. "Walinigusa nyuma. Nilihisi."

Bwana Ormerod akatoa kalamu.

Beatrix aliinamisha kichwa juu ya kasia. Pip, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuwa na la kuongeza.

Octavia aliliachia kasia lake. Likateleza majini, likaanza kwenda zake na mto.

"Mwaka mzima," alisema kwa sauti ndogo. "Mwaka mzima hukuhisi kitu, Tamsin. Ukachagua leo."

Na ndani ya ile mashua nyembamba, ambayo hasimami mtu hata nyumba yao ikiungua, Octavia Brindle akasimama.